Namba za mapigo hazieleweki? Kagua kifaa, kisha hesabu, kisha moyo

Mkimbiaji akilalamika kwamba kipima mapigo chake kinamchanganya, kosa huwa katika mojawapo ya sehemu tatu. Huenda kifaa hakiusikii moyo vizuri. Huenda kinausikia vizuri, ila hesabu za zoni zilizomo ndani yake, yaani ngazi za mapigo kuanzia nyepesi hadi nzito, si za mwili wake. Au kifaa kizima, hesabu sahihi, na moyo wenyewe ndio una habari ya kutoa. Tabu ni kwamba kwenye kioo cha saa yote matatu yanafanana: namba iko juu mno, iko chini mno, au inarukaruka. Ndiyo maana nimeona watu wakinunua saa mpya wakati kilichohitaji kubadilika ni mwendo wao, na wengine wakiacha kukimbia kwa hofu ya ugonjwa wa moyo kumbe mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo ulikuwa mkavu.

Nakushauri ufuate mpangilio huo huo: kifaa kwanza, hesabu pili, moyo mwisho. Kuna hali moja tu ya kuuvunja. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikukatika kuliko kawaida ya mwendo unaokwenda, simama hapo hapo. Mambo ya betri na mikanda yatangoja. Nitalirudia jambo hili mbele.

Anza na vidole viwili

Kipimo cha kukihukumu kifaa unacho tayari. Simama, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye bonde lililo kando ya koromeo, chini ya taya. Bonyeza kwa wepesi na upande mmoja tu. Dole gumba usilitumie, maana lina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4.

Fanya hivyo papo hapo unaposimama. Moyo wa mtu aliyezoea mazoezi hushuka haraka, na ukikawia nusu dakika utakuwa unapima kitu kingine kabisa. Kumbuka pia kwamba kukosea pigo moja katika sekunde 15 ni kukosea manne kwa dakika, kwa hiyo tofauti ya mapigo matano kati ya vidole na saa isikushughulishe. Tofauti ya 20, 30 au 40 ndiyo tunayoitafuta.

Vidole na saa vikipingana, tatizo ni kifaa. Vikikubaliana, kiache kifaa na uruke hadi sehemu ya hesabu.

Nakimbia pole pole, naongea vizuri, lakini saa inasema 170 na kitu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na karibu kila mara ni saa ya mkononi inayopima kwa mwanga. Siku moja nilikuwa nakimbia na dada mmoja aliyekuwa na wiki ya tatu tu ya mazoezi. Alinionyesha kioo: 174. Uso wake ulikuwa umetulia, alikuwa akinisimulia habari za kazini bila kukatiza sentensi. Tukasimama, akaweka vidole shingoni, akahesabu 33. Hiyo ni 132 kwa dakika. Tukaanza tena kukimbia kwa mwendo ule ule, na safari hii nikamwomba ahesabu kila mguu wa kulia unapogusa ardhi kwa sekunde 20. Akapata 29. Zidisha kwa tatu upate dakika nzima, zidisha kwa mbili kwa ajili ya mguu wa kushoto: 174. Saa ilikuwa ikihesabu hatua zake na kuziita mapigo.

Inakuwaje? Mgongoni mwa saa kuna taa ndogo za kijani na kihisi cha mwanga. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi hupungua kidogo, kisha huongezeka. Kihisi husoma kupungua na kuongezeka huko. Mtu akiwa ameketi, kazi ni nyepesi. Akikimbia, mkono unabembea, nyama na damu vinatikisika kwa kila hatua, na mtikisiko huo nao hubadilisha mwanga. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, eneo lile lile ambalo mapigo ya moyo hulifikia mtu anapojikaza. Programu ya saa inakuta midundo miwili, mmoja wa moyo na mmoja wa miguu, na ule wa miguu ukiwa na nguvu zaidi inaushika huo.

Dalili yake kwenye grafu ni ya wazi ukishaijua. Namba hupanda kutoka 130 hadi 170 ndani ya sekunde chache, kisha hutandaza mstari ulionyooka kama meza. Moyo haupandi hivyo. Moyo hukwea mlima, na hata ukifika juu hutikisika kidogo kwa kila mwinuko na kila kona. Ukiona meza, hesabu hatua zako. Jaribio jingine ni kufupisha hatua na kuziharakisha kwa dakika moja bila kuongeza mwendo. Namba ikiruka papo hapo na kutua kwenye idadi mpya ya hatua, umeshaipata.

Dawa ya kwanza ni jinsi ya kuvaa. Saa ikae juu ya ule mfupa uliochomoza kwenye kifundo cha mkono, upana wa vidole viwili kuelekea kiwiko, mahali penye nyama. Ikaze kiasi kwamba ukiisukuma ngozi iende nayo, saa isiteleze juu ya ngozi. Ukimaliza kukimbia ilegeze, damu ipite. Futa kioo cha nyuma, maana mafuta ya kupaka na jasho lililokauka hufunika kihisi. Kwenye baridi mishipa ya mikono hujibana na damu hupungua mikononi, kwa hiyo pasha mwili moto dakika kumi kabla ya kuitegemea namba, ukiwa na mikono mirefu ya nguo ikibidi. Chale za wino mkononi huzuia mwanga. Hamishia saa mkono mwingine. Ngozi nyeusi nayo ina melanini nyingi zaidi, inayofyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo ishara inayorudi kwa kihisi ni ndogo zaidi na kuvaa ovyo kunaiharibu upesi. Kwetu wenye ngozi hiyo, kukaza na kupandisha saa juu ya kifundo si jambo la hiari.

Dada yule alipandisha saa na kuikaza. Wiki mbili hivi ilisoma sawa, kisha ikarudia kila alipoteremka mlima, maana mteremko huongeza mtikisiko. Hapo nilimshauri ahame mkononi kabisa. Kuna vihisi vya mwanga vinavyofungwa kwenye mkono juu ya kiwiko, mahali pasipotikisika sana na penye nyama na damu ya kutosha, na kuna mkanda wa kifuani.

Nina mkanda wa kifuani, lakini dakika kumi za mwanzo namba zinaruka kama wazimu

Mkanda wa kifuani hautumii mwanga. Unasikiliza umeme. Kila pigo la moyo huanza na mshtuko mdogo wa umeme unaosambaa hadi kwenye ngozi ya kifua, na vipande viwili vya mpira au kitambaa maalumu ndani ya mkanda huunasa. Lakini umeme huo ni hafifu, na ngozi kavu haiupitishi vizuri. Jasho lenye chumvi huupitisha. Ndiyo maana mkanda mkavu hubabaika mwanzoni, kisha hutulia jasho likishatoka: 95, 210, 88, halafu ghafla 124 na kuendelea vizuri hadi mwisho.

Lowesha vile vipande viwili kwa maji kabla ya kuvaa, vilowe kweli, si kuguswa na unyevu. Mate yanafaa pia. Jeli inayotumika hospitalini kwa vipimo vya moyo inafaa kuliko vyote, hasa kwa mwenye nywele kifuani. Mkanda ukae chini kidogo ya misuli ya kifua, ubane lakini usikuzuie kuvuta pumzi hadi mwisho. Kwa mwanamke, mkanda ukae chini ya ukingo wa sidiria ya michezo, na ukingo huo usiupande, maana ukiupanda huuinua kutoka kwenye ngozi kila mkono unapobembea.

Kama umelowesha na bado kuna miruko ya kufika 220 na zaidi, itazame fulana yako. Fulana pana ya nailoni inayopepea kwenye hewa kavu husugua ngozi na kutengeneza umeme tuli, ule ule unaokufanya usikie tik-tik unapovua nguo. Mkanda unausoma kama mapigo. Vaa fulana ya kubana, au lowesha kifua cha fulana uliyonayo, na miruko hukoma.

Kuna lalamiko jingine la mkanda, la mtu anayesema ulifanya kazi vizuri mwaka mzima na sasa umeanza kukatakata. Hapo shuku mambo mawili, na ukague la bei ndogo kwanza. Betri nyingi za mikanda hii ni zile za duara kama sarafu, aina ya CR2032. Betri inayokaribia kuisha haizimi mara moja. Hutoa namba, hukata, hurudi. Fungua kifuniko, toa betri, subiri nusu dakika hivi kihisi kijisahau, weka mpya upande wa jumlisha ukiwa juu kama ilivyochorwa, na hakikisha kile kimpira cha kuzuia maji kimekaa kwenye mfereji wake. Isipopona, kitambaa cha mkanda ndicho kimechoka. Chumvi ya jasho imejikusanya ndani ya nyuzi zinazopitisha umeme. Kuuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini huufufua mara nyingi, ila dawa ya kulainisha nguo usiitie kamwe, maana hupaka nyuzi mafuta. Ukishindwa, nunua mkanda mtupu na uendelee na kihisi kile kile. Kihisi huishi kuliko kitambaa.

Na tabia moja itakuokolea betri nyingi: ukifika nyumbani, ng'oa kihisi kwenye mkanda, suuza mkanda, uanike. Ukikiacha kimebanwa kwenye mkanda wenye unyevu, unyevu unaunganisha vile vifungo viwili vya chuma, kihisi kinadhani bado umekivaa, na kinakesha usiku kucha kikipima moyo ambao haupo.

Saa haiuoni mkanda

Vaa mkanda kwanza, ulioloa, ndipo utafute. Mkanda ukiwa mezani huwa umelala. Kisha jiulize ni kifaa gani kingine kimeudaka. Mikanda mingi ya zamani inayotumia Bluetooth hukubali muunganisho mmoja tu kwa wakati, na kama simu yako au mashine ya kukimbilia imeshaukamata, saa itatafuta hadi ichoke. ANT+, njia nyingine ya kuunganisha vifaa bila waya, hurusha namba kwa yeyote anayesikiliza, kwa hiyo haina ugomvi huo. Oanisha kutoka kwenye menyu ya vihisi ya saa yenyewe au ndani ya programu ya mazoezi, wala si kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Kama uko kwenye kundi la wakimbiaji, sogea mbali nao mara ya kwanza unapooanisha, usije ukachukua mapigo ya mwenzako.

Namba zikikatika katikati ya mbio na simu iko mfuko wa nyuma, kosa ni mwili wako. Mawimbi haya ya 2.4 GHz hufyonzwa na maji, na mwili umejaa maji. Hamishia simu mbele au kwenye mkono.

Kama bado hujanunua

Zisome dalili zilizotangulia kama mwongozo wa kununua. Mbio nyepesi za mwendo mmoja, na kujua mapigo ya usingizini na ya asubuhi, saa ya mkononi inatosha. Mazoezi ya kupanda na kushuka kasi, milima, au kipimo chochote utakachojengea mpango mzima, tumia mkanda wa kifuani. Asiyevumilia kubanwa kifuani achukue kihisi cha juu ya kiwiko; mimi humshauri hivyo bila kusita. Mkanda wa kifuani si teknolojia mpya. Kampuni ya Polar ya Ufini ilitoa kipima mapigo kisicho na waya cha kuvaliwa mwaka 1982, na kanuni ya kusikiliza umeme wa moyo kupitia kifua haijabadilika tangu hapo. Angalia tu kwamba kifaa kina Bluetooth na ANT+ vyote viwili, na kwamba betri unaibadilisha mwenyewe au unaichaji. Vingine vinavyoandikwa kwenye boksi havitabadilisha mbio zako.

Vidole vinakubaliana na saa, lakini kila nikikimbia naingia zoni ya nne

Sasa tumetoka kwenye kifaa. Namba ni ya kweli, na jina lililopewa namba hiyo ndilo la uongo.

Ulipoiwasha saa mara ya kwanza iliuliza umri wako. Ikatoa umri huo kwenye 220, ikapata inayoyaita mapigo yako ya juu kabisa, na ikazigawa zoni kwa asilimia. Kanuni hiyo ilienea kutokana na maandiko ya Fox na wenzake ya mwaka 1971, waliochora mstari kupitia takwimu za tafiti zilizokuwapo. Haikukusudiwa kumwambia mtu mmoja mmoja mapigo yake. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walitoa nyingine: 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mwenye miaka 60 ya kwanza inatoa 160, ya pili 166. Ya pili ni bora, hasa kwa wenye umri mkubwa, lakini zote mbili ni wastani, na watu wengi tu wako mapigo 10 au zaidi juu au chini ya wastani huo wakiwa na afya njema kabisa. Mwenye miaka 40 aliyepewa 180 anaweza kuwa na 195. Kwa mtu huyo, mapigo 146 ni robo tatu ya uwezo wake, mbio nyepesi. Saa inamwambia amepita asilimia 80 na kumtaka apunguze, na anajikuta akitembea huku akijiona dhaifu. Nimewaona wakikata tamaa kwa jambo hili, na linaniuma kwa sababu dawa yake ni asubuhi moja.

Tafuta namba yako mwenyewe. Kama umevuka miaka 40 na hukuwa ukifanya mazoezi, una ugonjwa wowote wa moyo au shinikizo la damu, au unatumia dawa zake, muone daktari kabla ya jaribio hili, linakufikisha ukingoni. Mwenye ruhusa avae mkanda wa kifuani, akimbie pole dakika 15 hadi 20, kisha atafute mlima wa kupanda dakika mbili au tatu. Apande kwa nguvu, ashuke kwa kutembea na kukimbia pole, apande tena kwa nguvu zaidi, ashuke, na mara ya tatu apande kwa nguvu zote alizo nazo hadi mwisho. Namba kubwa kuliko zote iliyosimama kwa sekunde kadhaa ndiyo hiyo. Ule mruko wa sekunde moja usiuhesabu. Fanya ukiwa umepumzika, si siku moja baada ya mazoezi mazito.

Asiyependa kufika huko akimbie peke yake dakika 30 kwa kasi kubwa zaidi anayoweza kuihimili bila kupungua, na achukue wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Hicho ni kizingiti chake kwa makadirio mazuri, yaani mapigo ya juu anayoweza kuyahimili kwa muda mrefu, na saa nyingi hukubali zoni zijengwe juu yake. Mimi napendelea njia hii, kwa kuwa inapima kile ambacho mkimbiaji anakitumia kweli.

Kuna mtego mwingine katika hesabu, na unawanasa hata waliokwisha pima. Asilimia 70 ya nini? Mwaka 1957 Karvonen wa Ufini na wenzake walionyesha njia ya kuhesabu kwa akiba ya moyo, yaani nafasi iliyopo kati ya mapigo ya mapumziko na ya juu kabisa. Chukua mtu mwenye 180 juu na 50 akiwa amepumzika. Asilimia 70 ya 180 ni 126. Kwa njia ya akiba, 180 kutoa 50 ni 130, asilimia 70 yake ni 91, rudisha 50, unapata 141. Tofauti ya mapigo 15 kwa neno lile lile. Mpango wa mazoezi ukiwa umeandikwa kwa njia moja na saa imewekwa kwa nyingine, mtu atafuata maagizo kwa uaminifu na bado atakwenda polepole mno au haraka mno kwa miezi. Fungua mipangilio ya saa leo, uone imeandikwa asilimia ya nini, kisha uulize mwandishi wa mpango wako swali hilo hilo.

Ukishapanga, pima kwa mdomo. Katika mbio nyepesi unapaswa kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati. Zoni ikisema nyepesi na sentensi inakatika, au ikisema nzito na unasimulia hadithi, amini mdomo na urekebishe zoni.

Mwendo ni ule ule, lakini mapigo yanapanda kadiri ninavyoendelea

Hakuna kilichoharibika. Unapokimbia kwa muda mrefu, hasa kwenye joto, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, na jasho hupunguza maji ya damu. Moyo unapata damu pungufu ya kusukuma kwa kila pigo, kwa hiyo unapiga mara nyingi zaidi ili kufikisha kiasi kile kile. Baada ya saa nzima kwenye joto, kupanda mapigo 10 hadi 15 kwa mwendo usiobadilika ni kawaida.

La kufanya linategemea ulichokusudia. Kama ilikuwa mbio nyepesi, punguza mwendo mapigo yabaki mahali pake, hata ikibidi kutembea kwenye vilima. Kunywa maji, kimbia saa za baridi, tafuta kivuli. Kupanda kunaanza mapema mno, dakika ya 20 na hali ya hewa ni tulivu? Ulianza kwa kasi isiyo yako.

Leo mapigo yako juu tangu hatua ya kwanza

Hapa moyo ndio unaosema. Usingizi mbaya, kahawa, msongo, joto, mwinuko wa juu kutoka usawa wa bahari, mazoezi mazito ya juzi, na homa inayonyemelea vyote huyapandisha. Kipimo cha kutenganisha ni mapigo ya asubuhi, kabla hujatoka kitandani. Yajue ya kawaida yako kwa wiki mbili. Yakipita kawaida hiyo kwa 5 hadi 10 asubuhi kadhaa mfululizo, pumzika au fanya mepesi. Ukiwa na homa, usikimbie kabisa.

Kinyume chake pia kipo: unajikaza, miguu mizito, na mapigo hayapandi. Vidole vikithibitisha, mara nyingi ni uchovu uliolimbikizwa wiki nyingi, na siku chache za kupumzika hukujibu. Lakini dawa za shinikizo za kundi la beta-bloka nazo hushusha mapigo na kuyazuia yasipande. Anayezitumia aziweke kando zoni zote za kanuni, atumie kipimo cha kuongea, na azungumze na daktari wake.

Vipande vifupi vya kasi: namba inafika nikiwa nimeshamaliza

Moyo huchelewa, na saa ya mwanga huongeza kuchelewa kwa kulainisha namba. Kwa kipande kilicho chini ya dakika mbili, kimbia kwa mwendo na hisia. Grafu utaitazama nyumbani.

Ile hali ya kusimama

Unakimbia pole, mapigo yanaruka ghafla hadi 200 na zaidi, na vidole shingoni vinakuta mbio zile zile, yawe yanakwenda sawasawa au kwa kuvurugika. Kisha yanashuka ghafla kama yalivyopanda. Hilo si umeme tuli. Inaweza kuwa hitilafu ya mdundo wa moyo, na zipo zinazotibika vizuri. Acha kukimbia, keti, andika saa na ulichohisi, hifadhi grafu, na uende nayo kwa daktari. Ikiambatana na maumivu ya kifua, maumivu yanayoenda mkononi au tayani, au kuzimia, omba msaada wa dharura mara moja. Mwenye betri ya moyo mwilini amuulize daktari wake kabla ya kuvaa kifaa chochote.

Njia ile ile, mwendo ule ule, na mapigo yamepungua 12

Dada yule wa 174 aliniandikia baada ya miezi mitatu kwamba mkanda wake mpya umeanza kuharibika. Njia aliyokuwa akiikimbia kwa 148 sasa ilikuwa ikisoma 136, kila siku, bila mruko. Nikamwomba asimame ahesabu. Vidole vikasema 34 kwa sekunde 15, yaani 136. Mkanda ulikuwa mzima. Moyo wake ulikuwa umeanza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Akauliza kama sasa apunguze mapigo ya juu kwenye mipangilio. Hapana: hayo hayabadiliki kwa mazoezi kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichobadilika ni mapigo ya mapumziko na kasi yake kwenye kizingiti. Alirudia kipimo cha dakika 30 Jumamosi iliyofuata, akaweka namba mpya, na Jumapili akaenda mbio ndefu kwa zoni ya pili akiongea njia nzima.